Fuata Maji, Usihesabu Miche

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wakazi na vikundi vya mazingira vya miji ya pwani. Waliokosa kufika waliiomba, nami naiweka nzima kama nilivyoisema.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, na nyinyi mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema, hamjambo?

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti wetu anajulikana kwa kutazama saa. Kwa hiyo nianze na kukiri kosa, tumalizane nalo.

Mimi nimeua mikoko mingi. Pengine mingi kuliko mchoma mkaa yeyote ninayemfahamu. Na niliiua kwa kuipanda.

Sikilizeni ilivyokuwa. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja lilitualika siku ya kupanda mikoko. Tukapewa fulana mpya, kofia na chupa za maji, tukapakiwa kwenye basi hadi ufukweni. Maji yalikuwa yamepwa, na mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa mchanga uliochanganyika na tope, mweupe, mtupu, hauna mti hata mmoja. Kiongozi akasema: hapa ndipo. Tukapanda kwa mistari iliyonyooka kama wanafunzi wa gwaride. Kwa kweli kupanda mkoko ni rahisi mno: unashika ile mbegu ndefu kama kalamu kubwa, unaichomeka kwenye tope, unasogea hatua moja, unachomeka nyingine. Hadi adhuhuri tulikuwa tumechomeka maelfu. Tukapiga picha, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tumeungua jua na tumefurahi.

Baada ya miezi mitatu nikarudi peke yangu. Nilikuta vijiti. Vingi vilikuwa vimeng'olewa na kusukumwa pembeni pamoja na mifuko ya plastiki na vipande vya kamba. Nikavuta mmoja uliobaki umesimama. Ulikuwa umevaa magamba madogo magumu, yale yanayonata kwenye majahazi, yamebanana kuanzia chini hadi kwenye jani la kwanza. Jani lenyewe lilikuwa jeusi. Chini, mizizi miwili mitatu, laini kama uzi uliolowa.

Pembeni alikuwa amekaa mvuvi mmoja mzee akishona wavu. Nikamuuliza, baba, hapa pana nini? Akanijibu bila kuinua macho: "Hapo hapajaota mkoko tangu nikiwa mtoto. Hapo panakaa maji." Nikamuuliza, mbona siku ile hukutuambia? Akasema, "Mliniuliza?"

Mliniuliza! Neno hilo nimetembea nalo tangu siku ile.

Ndugu zangu, tumekutana hapa kwa sababu miji yetu ya pwani iko hatarini. Bahari inapanda, mvua zinakuja kwa mkupuo, vimbunga vinafika kwa nguvu tusiyoizoea, na watu wanazidi kujenga karibu na maji kwa sababu ndiko wanakopata nafasi. Na kila mtu sasa anasema, pandeni mikoko. Wanasiasa wanasema, kampuni zinasema, shule zinasema. Mimi nasema mikoko nitaitetea hadi pumzi ya mwisho. Lakini hilo neno "pandeni" ndilo lililoniponza, na ndilo nitakalohangaika nalo leo.

Kwanza tuwe wakweli kuhusu kazi ambayo mkoko unaweza kuifanya, maana sifa za uongo zinaua watu.

Wimbi la kawaida likiingia kwenye msitu wa mikoko linakutana na nini? Linakutana na ile mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, mashina, matawi ya chini, na kila kimoja kinalipunguzia nguvu kidogo. Vipimo vilivyokusanywa sehemu mbalimbali za dunia vinaonyesha kwamba mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Tofauti ni kubwa, kwa sababu msitu mzito si sawa na msitu mwembamba, na aina moja ya mti si sawa na nyingine. Hesabu nyingine iliyofanywa mwaka 2020 ilikadiria kwamba mikoko ya dunia inaepusha hasara ya mali ya zaidi ya dola bilioni 65 kila mwaka, na kuwapunguzia mafuriko watu wapatao milioni 15.

Lakini bahari inapovimba kwa kimbunga, maji yakapanda mita kadhaa na kuingia nchi kavu, hapo hesabu inabadilika. Ili kupunguza maji hayo kwa sentimita 5 hadi 50 unahitaji kilomita nzima ya mikoko. Kilomita! Nani hapa, kwenye mji wake, ana kilomita nzima ya mikoko kutoka majini hadi kwenye nyumba ya kwanza? Anyooshe mkono. Sioni mkono.

Tarehe 29 Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kilipiga jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Watu wapatao elfu kumi walikufa. Baadaye watafiti wawili walichunguza vijiji vya wilaya ya Kendrapada, wakalinganisha idadi ya vifo na upana wa mikoko iliyokuwa kati ya kijiji na bahari. Vijiji vilivyokuwa na mikoko mipana vilipoteza watu wachache kuliko vile vyenye mikoko myembamba au visivyo nayo kabisa. Habari hii husimuliwa kila mahali, na ni ya kweli. Ila kuna sehemu ya pili ambayo hairudiwi mara nyingi: utafiti huohuo ulionyesha kwamba tahadhari ya mapema, yaani watu kuambiwa waondoke na kuondoka kweli, iliokoa maisha zaidi kuliko mikoko.

Nawaambia haya kwa nini? Kwa sababu nimewahi kumsikia mtu akiwaambia wakazi wa bondeni kwamba wakishapanda mikoko hawatahitaji kuhama kimbunga kikija. Huyo anacheza na roho za watu. Mkoko unapunguza. Mkoko unakupa muda. Mkoko unashika udongo ili ufuko usiliwe mwaka hadi mwaka, na hii kazi ya kila siku, ya mawimbi madogomadogo yasiyotangazwa redioni, kwangu mimi ndiyo kazi yake kubwa. King'ora cha tahadhari, njia ya kukimbilia, na jengo imara la kujihifadhi vinabaki palepale.

Sasa tuje kwenye kiini. Kwa nini miche hufa?

Ngoja nimweleze mkoko kwa wale ambao hawajawahi kuutazama kwa karibu. Mkoko hauangushi mbegu kavu kama miti mingine. Mbegu huota ingali juu, imeng'ang'ania kwa mama yake. Inarefuka, inaning'inia, kijani, nzito upande wa chini. Siku ikifika inajiachia. Kama maji yamekupwa inaweza kujichoma topeni palepale. Kama yamejaa, inaelea. Inaelea kwanza imelala, siku kwa siku, wiki kwa wiki, hadi inaposhiba maji upande mmoja, inasimama wima majini kama mtu anayepapasa kwa miguu kutafuta kina. Ikigusa tope, na tope likiwa limetulia, inashika.

Yaani huyu ni msafiri. Ana uwezo wa kujitafutia mahali. Basi jiulizeni: kama kuna mikoko jirani inayozaa, na kila mwaka mbegu zinaelea zikipita mbele ya ufuko fulani, na bado ufuko ule ni mtupu, ufuko ule unatuambia nini?

Unatuambia kwamba kuna tatizo. Ama maji yanakaa muda mrefu mno, ama hayafiki, ama mawimbi yanang'oa, ama mifugo inakula, ama udongo umekufa. Ukichomeka mbegu pale bila kuliondoa tatizo, umeipeleka mahali ambapo dada zake walishafika wakafa.

Wavuvi wanajua bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na maji mafu, siku yanaposogea kidogo tu. Wanajua maji yanafika wapi mwezi ukiwa mpevu na yanaishia wapi siku za katikati. Mikoko nayo inaishi kwa kalenda hiyohiyo. Inakaa nusu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa: inataka kuoga, na inataka kukauka. Na mikoko ina aina zake: mlilana hutangulia mbele kwenye mawimbi, ule unaoitwa mkoko wenyewe hufuata, mkandaa hukaa nyuma, na mchu unavumilia hata kule ndani kwenye chumvi kali. Ukilamba jani lake utaionja chumvi iliyotolewa nje. Kila mti una baraza lake. Sisi tulichukua mkoko tukaukalisha mahali ambapo hata mlilana usingekubali kukaa, kisha tukashangaa.

Na hatukuwa peke yetu, ndugu zangu. Ufilipino wamepanda mikoko kwa miongo mingi, kwa fedha nyingi. Mwanasayansi wao mashuhuri, Jurgenne Primavera, na mwenzake walipokaa chini kuyapima matokeo mwaka 2008, waliona kwamba kwa jumla ni asilimia 10 hadi 20 tu ya miche iliyokuwa ikidumu. Sababu kubwa ilikuwa nini? Ileile. Miche ya mkoko ilichomekwa kwenye fuko tupu za chini, kwa kuwa ni rahisi kupata mbegu zake, na kwa kuwa fuko hizo hazina mwenyewe wa kugombana naye. Maeneo ya juu, ambako mikoko ilikuwepo zamani, yalikuwa yamegeuzwa mabwawa ya samaki yenye wamiliki.

Mmeelewa hapo? Tunapanda mahali pabaya kwa sababu mahali pazuri pana mtu. Nitarudi kwenye hilo.

Sri Lanka, baada ya tsunami ya Desemba 2004, misaada ilimiminika na mikoko ikapandwa. Watafiti walirudi kukagua maeneo 23 ya miradi. Katika maeneo 9 hawakukuta hata mche mmoja hai. Kati ya hekta 1,000 hadi 1,200 zilizopandwa, zilizofanikiwa zilikuwa kama 200. Nani alilipia zile zilizokufa? Zililipiwa na watu waliochanga fedha zao wakiamini kwamba wanajenga ukuta wa kijani.

Sasa hadithi ya upande wa pili. Pwani ya kusini-mashariki ya Florida, Marekani, katikati ya miji iliyobanana, kuna eneo liitwalo West Lake. Lilikuwa limeharibiwa kwa udongo uliochimbwa na kumwagwa, ukaliinua juu kuliko maji yanakofika. Mtaalamu aitwaye Robin Lewis na wenzake wakaanza kazi miaka ya 1980. Walifanya nini? Wakaondoa ule udongo hadi kwenye usawa uleule wa mikoko ya jirani iliyokuwa na afya. Wakachimba vijito maji yapate kuingia na kutoka. Kisha wakangoja. Hawakuchomeka mikoko. Mbegu zikaja zenyewe na maji, zikashika, na katika miaka michache eneo la hekta kama 500 likarudi kuwa kijani.

Hekta 500 bila siku ya fulana!

Ningependa msinielewe vibaya. Kuna mahali kupanda ni lazima: ambako mama wa mbegu wote wamekatwa, hakuna msitu jirani wa kutuma watoto. Nitawapa mfano huo mbele kidogo. Lakini kupanda kuje mwisho, baada ya kuuliza maswali. Maji yanafika hapa mara ngapi kwa mwezi? Mikoko ilikuwepo? Iliondokaje? Kilichoiondoa bado kipo?

Hilo la mwisho ndilo linalotuingiza mjini.

Mjini, mkoko hauuawi na shoka peke yake. Na hapa naomba niseme jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya wakubwa walioko mbele. Tumezoea kumlaumu yule mama anayeokota kuni na yule kijana mwenye panga. Ni kweli, wanakata, na kukata kuna madhara. Lakini mti uliokatwa, maji yakiwa bado yanapita, unaweza kurudi kwa mbegu. Lori la kifusi linalokuja saa nane za usiku likamwaga pale, likarudi na kesho, hilo halirudishi kitu. Barabara iliyopigwa katikati ya msitu bila kalavati za kutosha inaua upande mmoja wote kimyakimya: maji ya chumvi hayaingii tena, ya mvua hayatoki, na miti inakufa ikiwa imesimama. Mkazi anapita akisema, mikoko hii imepata ugonjwa gani? Ugonjwa wake ni barabara.

Na taka. Kuna siku niliinama chini ya mchu mmoja pembeni ya mfereji wa mji. Mchu una mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa, mamia kwa mamia, na hiyo ndiyo pua yake. Tope la chini halina hewa, kwa hiyo mti unapumulia juu. Nilichokiona ni nailoni. Zimetandikwa juu ya zile penseli kama shuka, safu juu ya safu, na tope limeingia katikati zikashikana. Nikainua moja. Chini yake mizizi ilikuwa imejikunja, inatafuta pa kutokea. Nikainua nyingine, mizizi imeoza. Nikakaa pale nikitoa nailoni hadi maji yakanifika magotini, na nilikuwa sijamaliza mti mmoja.

Ukipeleka miche mipya mahali kama pale, umeipeleka wapi?

Mumbai, mji wa pwani ya India ulioitwa zamani Bombay, waliupata ujumbe huu kwa njia mbaya. Tarehe 26 Julai 2005 ilinyesha mvua ya milimita 944 kwa saa 24. Mvua ile ingeleta mafuriko kwenye mji wowote. Lakini mto Mithi, ambao ndio unaobeba maji ya mji kwenda baharini, ulikuwa umebanwa, umepindishwa kuupisha uwanja wa ndege, umejaa taka, na mabwawa na mikoko ya pembeni yake ilikuwa imefukiwa ili kupata viwanja. Maji yalikosa pa kwenda. Mamia ya watu walikufa mjini. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Mahakama Kuu ya Bombay ikapiga marufuku kuharibu mikoko na kujenga ndani ya mita 50 kutoka ilipo. Na mwaka 2018 ikaenda mbele zaidi, ikasema kuharibu mikoko ni kuvunja haki ya raia ya kuishi. Haki ya kuishi, wazee wangu! Mahakama iliuona mkoko kuwa sehemu ya pumzi ya mtu. Bado ubishi upo kule, kila mradi mkubwa unaomba ruhusa ya kukata, lakini angalau mwombaji lazima aende mahakamani mchana kweupe.

Beira, Msumbiji, kuna mto wa maji ya bahari uitwao Chiveve unaopita katikati ya mji. Ulikuwa umejaa mchanga na taka, maji ya mvua hayatoki. Wakauchimba upya, wakafungua njia ya kupwa na kujaa, wakapanda mikoko pembeni, na eneo lake likageuzwa bustani ya watu. Kimbunga Idai kilipoupiga mji ule Machi 2019 kiliubomoa, sitaki kuwadanganya kwamba mto mmoja uliuokoa. Lakini angalieni mpangilio wa kazi yao. Kwanza maji, halafu mti. Kwanza maji, halafu mti.

Na kuna mahali ambapo hata ukifuata mpangilio huo vizuri, ardhi yenyewe inakusaliti. Demak, pwani ya kaskazini ya Java, Indonesia, bahari imekula vijiji vizima baada ya mikoko kukatwa kwa ajili ya mabwawa ya kufugia kamba. Kuanzia mwaka 2015 wakajaribu jambo la akili sana: wakasimamisha nguzo baharini wakazijaza vichaka vya matawi, ukuta unaopitisha maji lakini unaopunguza wimbi, ili tope litulie nyuma yake na mikoko irudi yenyewe. Tope likakusanyika, mikoko ikaanza kuota. Kisha ikaonekana kwamba ardhi inadidimia kwa sentimita kadhaa kila mwaka, kwa sababu maji ya chini ya ardhi yanavutwa kwa visima virefu, hasa na viwanda na mji wa Semarang ulio jirani. Mikoko inapanda, ardhi inashuka. Tope la bahari haliwezi kushindana na pampu.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetoka mji wenye visima virefu kila kona, swali la mikoko kwako linaanzia kwenye bomba.

Sasa lile nililosema nitarudi kwake: mahali pazuri pana mtu. Hapa ndipo penye ugumu wote, na mimi si mwanasheria, kwa hiyo nitasema kama mkazi.

Mkoko ukizidiwa na bahari inayopanda unafanya mambo mawili. Unajaribu kupanda juu kwa kukusanya tope na mizizi chini yake, na unajaribu kurudi nyuma, kizazi kwa kizazi, kuelekea nchi kavu. Bahari duniani sasa inapanda kwa zaidi ya milimita 4 kwa mwaka. Wanasayansi waliochimba tope la kale wakasoma historia ya maelfu ya miaka wanasema ikifika kama milimita 6 au 7, mikoko mingi haitaweza tena kwenda juu kwa kasi hiyo. Itabidi irudi nyuma. Na nyuma, mjini, kuna nini? Ukuta. Hoteli. Kiwanja chenye hati. Kituo cha mafuta. Nyumba za watu wasio na hati lakini wasio na pengine pa kwenda.

Nani atapisha? Hilo ndilo swali la kuuliza kwenye vikao vya mipango miji, na nataka mlipeleke. Maana nimeona mahali ambapo mradi wa mikoko uligeuka fimbo ya kumfukuza maskini, huku ukuta wa tajiri ulioingia baharini ukiachwa umesimama. Ukimfukuza anayeishi pembeni ya mikoko, usiku nani ataliona lile lori la kifusi?

Mji wa Ho Chi Minh, Vietnam, una msitu wa Can Gio upande wa bahari. Wakati wa vita ulinyunyiziwa sumu za kuua majani, ukafa. Kuanzia mwaka 1978 wakaanza kuupanda upya. Huu ndio mfano niliowaahidi: mama wa mbegu hawakuwepo tena, wakaleta mbegu kwa boti kutoka Ca Mau, kusini kabisa mwa nchi. Zaidi ya hekta 20,000 zikapandwa kwa mikono. Mwanzoni watu walikuwa wakikata, kwa sababu walikuwa na njaa na msitu haukuwa na mwenyewe. Baadaye mamlaka zikakabidhi vipande vya msitu kwa familia zivilinde, zikilipwa kwa ulinzi huo. Mwaka 2000 UNESCO ikautambua kuwa hifadhi ya viumbe hai. Mji wa mamilioni ya watu una msitu mlangoni, na msitu una watu wanaoujua kwa majina ya vijito vyake.

Na Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, si mji, ni kijiji, lakini nawataja kwa heshima. Tangu mwaka 2013, kupitia mradi wao uitwao Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 na kuuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa mle, yaani wanalipwa kwa kuwa msitu wao unaizuia hewa hiyo isipande angani. Fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Kijana wa kule akimwona mtu na shoka anajua anakatiwa nini. Mjini hesabu itakuwa tofauti, hekta zetu ni chache na biashara ya hewa ya ukaa ina mashaka yake, sitaki mtu atoke hapa akidhani ataishi kwa kuuza hewa. Ila malipo ya walinzi, hilo linawezekana. Halmashauri inamlipa mfagiaji wa barabara. Kwa nini isimlipe anayezibua mlango wa hori, kile kijito cha maji ya bahari?

Mwenyekiti ameshanionyesha vidole viwili. Dakika mbili, basi.

Wafadhili mlioko hapa, naomba jambo moja kwenye fomu zenu. Pale mnapoandika "idadi ya miche iliyopandwa", futeni. Andikeni "idadi ya miti iliyo hai mwaka wa tano". Nyinyi mkibadilisha swali hilo moja, sisi tutabadilika wenyewe bila semina. Na kubalini kulipia tingatinga la kuondoa kifusi, kalavati mpya, na mshahara wa mtu wa kutazama. Najua havipendezi kwenye picha.

Vijana, nyinyi nina kazi yenu. Bamvua ijayo, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tunakutana maji yakiwa yamejaa kabisa. Kila kikundi kichomeke kijiti mahali maji yalipoishia, kwenye ufuko wake, mferejini kwake, nyuma ya barabara yake. Kisha mrudi siku za maji mafu mchomeke kingine. Andikeni. Kwenye kalavati, tazameni maji yanaingia upande upi na yanakwama wapi. Tafuteni mzee mmoja anayevua pale, mkae naye, mmuulize palikuwaje. Msimkatize.

Njooni na buti, kama huna njoo pekupeku. Kamba, vijiti, daftari, mfuko wa kuokotea nailoni.

Miche msije nayo.